Jina Lililo Juu ya Mtutu: Bastola za Urithi katika Njia ya Misafara ya Unyanyembe

Bastola kuukuu ikirithiwa, jina lililochongwa juu ya mtutu ndilo huaminiwa kwanza, na mara nyingi ndilo hupotosha. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya bastola za silinda ziliuzwa kwa jina la duka, si la kiwanda. Army & Navy Co-operative Society, duka la ushirika lililoanzishwa London mwaka 1871, liliweka jina lake kwenye bastola zilizotengenezwa na Webley wa Birmingham. Huko Marekani viwanda kama Hopkins & Allen vilitoa bastola za bei nafuu zilizouzwa kwa majina ya wafanyabiashara. Na Webley alipoitoa bastola fupi ya Bull Dog mwaka 1872, mafundi wa Liège nchini Ubelgiji waliiga kwa wingi, wakachonga juu yake jina lolote ambalo mnunuzi wa jumla alilitaka.

Njia iliyozifikisha silaha hizo bara inajulikana: Bagamoyo, Ugogo, Rubuga, Kigwa, kisha Tabora. Wasafiri Burton na Speke waliipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Misafara ilipanda na nguo, shanga, baruti na bunduki, ikateremka na pembe za ndovu na watumwa. Silaha ya kawaida mizigoni ilikuwa gobori. Bastola ilikuwa silaha ya kiunoni ya mwenye msafara, mmisionari au mtu wa ikulu.

Kipindi cha kuangaliwa kwa makini ni miaka ya 1880. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Charles Stokes, mtu wa Ireland aliyekuja na wamisionari wa Kianglikana wa CMS kisha akaacha umisionari kwa biashara, alijijenga Usongo katika Unyamwezi akiuza silaha na kununua pembe, hadi Wabelgiji walipomnyonga Kongo mwaka 1895. Wazungu wengi wa wakati ule waliandika kwamba bunduki za Wanyamwezi zilikuwa takataka za kutoa kelele tu. Dai hilo halistahili uvumilivu. Ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, eneo la Tabora, iliwarudisha nyuma Wajerumani zaidi ya mara moja mwaka 1892, na ilipoangukia mikononi mwa afisa wao Tom von Prince mwezi Januari 1893, Isike aliwasha ghala lake la baruti ajilipue badala ya kutekwa. Takataka haziwezi kuzuia jeshi la Kijerumani kwa miezi.

Mpaka wa kipindi hicho cha miaka ya 1880 uliwekwa na Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, uliopiga marufuku uingizaji wa silaha za kisasa kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, isipokuwa kwa kibali. Magobori ya jiwe yaliachwa. Magendo yaliendelea, lakini kwa bastola maana ya mkataba huo ni kubwa: iliyoingia kabla ya hapo ingeweza kununuliwa na yeyote mwenye pembe, na iliyoingia baadaye yaelekea ilikuja na askari, mtawala au mmisionari mwenye kibali.

Hapo ndipo mihuri midogo inapofaa kuliko jina kubwa. Silaha ya Liège ilipitishwa katika nyumba ya majaribio na kugongwa muhuri wenye umbo la yai, ndani yake herufi ELG na nyota chini yake. Muhuri huo huwa kwenye silinda, na ni mdogo kiasi cha kuhitaji lenzi. Mwaka 1893 liliongezwa taji juu ya yai. Muhuri usio na taji, basi, huiweka bastola kabla ya mwaka huo. Birmingham ilikuwa na alama zake za fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji.

Kuna wanaoeleza kila bastola ya Kibelgiji iliyopatikana Tabora kwa vita: majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliingia mjini tarehe 19 Septemba 1916. Maelezo hayo yana nguvu kwa bastola za Browning, kwa sababu Ubelgiji ilikuwa imeichukua Browning ya 1900 kwa jeshi lake. Kwa rivolva ya Liège isiyo na taji yana udhaifu. Afisa wa 1916 angeweza kubeba silaha ya babu yake, lakini msafara uliopita Kigwa katika miaka ya 1880 ni maelezo rahisi zaidi, na ndiyo yanayofaa kushikiliwa mpaka ushahidi mwingine ujitokeze.

Uchunguzi huanza kwa kuhakikisha silinda haina risasi. Kisha hutazamwa idadi ya matundu na namba ya mfululizo. Vijinafasi kwenye ukingo wa silinda huonyesha mfumo wa Lefaucheux, ambamo kila risasi ilitokeza pini. Kutu haipaswi kusuguliwa kwa msasa, kwani msasa hufuta mihuri, na kwa wakusanyaji wa ng'ambo chuma kilichosuguliwa hushuka thamani papo hapo. Nakala ya kawaida ya Bull Dog yenye jina la duka lisilojulikana ni ya bei ya chini. Yenye jina la Army & Navy hupanda iwapo namba yake itapatikana katika daftari za duka hilo, zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Glasgow, maana huko mnunuzi wa kwanza anaweza kutajwa.

Ndani ya Tanzania bei hiyo haina soko la wazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni, na aliyerithi bila leseni mahali pake pa kwanza ni kituo cha polisi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo hulinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, hivyo bastola za kipindi cha Isike zinabaki nje ya ulinzi huo, jambo la kusikitisha kwa historia ya Unyamwezi. Kabla ya kuikabidhi bastola kwa polisi, mrithi anaweza kuomba mihuri yote ipigwe picha na habari za ukoo ziandikwe, na nakala ipelekwe kwenye makumbusho ya Kwihara, karibu na Tabora.