Bunduki Halali Mikononi mwa Polisi: Nani Abebe Mzigo wa Kuthibitisha?

Kuna swali ambalo vitabu vya katiba huligusa kwa nadra, ilhali historia imelijibu mara nyingi na kwa uchungu. Mali ya raia ikishaingia mikononi mwa polisi, na raia mwenyewe asishtakiwe kwa kosa lolote, ni nani anayepaswa kuthibitisha jambo, na ni jambo gani, ili mali hiyo imrudie mwenyewe?

Nimeamua kulitazama swali hili kupitia mali inayoitia dola wasiwasi kuliko nyingine zote, yaani bunduki, na katika nchi ambayo katiba yake inaitaja haki ya kumiliki silaha waziwazi, yaani Marekani. Sifanyi hivyo kwa kupendezwa na silaha. Vifo vinavyosababishwa na bunduki katika nchi ile vinatosha kumkosesha mtu usingizi. Nafanya hivyo kwa sababu nyepesi: ikiwa haki iliyoandikwa katika Marekebisho ya Pili ya Katiba tangu 1791 inaweza kukwama kwenye kaunta ya kituo cha polisi, basi haki nyingine zisizokuwa na ulinzi kama huo zimo hatarini zaidi.

Hoja yangu ni hii. Barabarani, askari anapolisimamisha gari, sheria humtaka yeye awe na sababu. Lakini kitu kikishavuka kaunta na kuingia ghala la polisi, mzigo huhama kimyakimya. Sasa raia ndiye atakayethibitisha kuwa kitu ni chake, kwamba alikipata kihalali na kwamba anastahili kurudishiwa. Kuhama huko kwa mzigo hakutangazwi popote, na ndiko kunakoamua kama haki ipo au haipo.

Tuanze mwaka 1865. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, takriban wanaume weusi 180,000 walikuwa wametumikia jeshi la Muungano. Wizara ya Vita iliwaruhusu askari walioachishwa kazi kuondoka na silaha zao kwa kuzilipia. Bunduki ya kawaida ya askari wa miguu iligharimu dola 6. Mtu aliyezaliwa mtumwa alirudi kwao na bunduki aliyoinunua kwa ujira wake kutoka kwa serikali yenyewe. Ni vigumu kufikiria umiliki ulio halali kuliko huo.

Mnamo Novemba 1865 bunge la jimbo la Mississippi lilipitisha sheria iliyomkataza mtu mweusi aliyeachwa huru, asiyekuwa katika utumishi wa jeshi la Marekani, kuweka au kubeba silaha bila leseni ya bodi ya wilaya yake. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi dola 10. Lakini kifungu ambacho huwa nawasomea wanafunzi wangu mara mbili ni kile kinachoeleza silaha iende wapi baada ya kutwaliwa: ilikwenda kwa mtoa taarifa. Haikuwekwa ghalani ikimsubiri mwenyewe, wala haikuwa kielelezo cha mahakama. Sheria hiyo iliziba njia ya kurudi kwa kumlipa jirani kwa mali ya jirani yake.

Wapo waliojaribu kuifungua njia hiyo. Januari 1866 Jenerali Daniel Sickles, aliyesimamia South Carolina, alitoa amri kwamba haki ya wakazi wote waaminifu na watulivu kubeba silaha isivunjwe. Julai mwaka huohuo Bunge la Marekani, katika sheria ya kuiendeleza idara ya masuala ya watu walioachwa huru, Freedmen's Bureau, liliitaja haki ya kubeba silaha miongoni mwa haki ambazo watu wote wangezifaidi bila kujali rangi. Mwaka 1868 yakafuata Marekebisho ya Kumi na Nne, yanayokataza jimbo kumnyang'anya mtu maisha, uhuru au mali bila kufuata utaratibu wa sheria.

Maandishi yalikuwa mazuri. Lakini mtu aliyenyang'anywa bunduki njiani hakwenda kuisomea katiba bunduki yake; alikwenda kumtafuta ofisa wa idara hiyo, aliye karibu naye, mwenye mamlaka ya kumwambia mkuu wa polisi wa mji: rudisha. Kazi nyingi za idara zilisitishwa ndani ya miaka michache, na mwaka 1872 ikafungwa kabisa. Katiba ilibaki palepale. Aliyekosekana ni mtu wa kumwendea. Nadhani hilo ndilo somo la kwanza: haki ya kurudishiwa mali huishi kadiri ofisi ya kuidai inavyoishi.

Karne moja baadaye uwanja ulikuwa umehamia kwenye gari. Oktoba 1966, mjini Oakland, California, Huey Newton na Bobby Seale walianzisha chama cha Black Panther. Sheria ya California ya wakati huo iliruhusu mtu kubeba bunduki waziwazi hadharani, nao wakaitumia ruhusa hiyo kuyafuata magari ya doria na kusimama kwa umbali halali wakiangalia polisi wanavyowatendea watu weusi. Seale alisimulia baadaye jinsi polisi walivyolijia gari lao mapema mwaka 1967 na kumtaka Newton aikabidhi bunduki yake. Newton, aliyekuwa amesoma masomo ya sheria chuoni, alikataa. Alitoa utambulisho wake, kama sheria ilivyomtaka, na hakutoa zaidi ya hapo.

Newton alifahamu jambo ambalo raia wengi hujifunza kwa kuchelewa. Kitu ambacho hakijaondoka mkononi mwako ni rahisi kukitetea kuliko kilichokwisha kuondoka. Tarehe 2 Mei 1967 wanachama wa chama hicho waliingia na silaha katika jengo la bunge la jimbo mjini Sacramento kupinga muswada wa mbunge Don Mulford. Muswada huo ulipita, na tarehe 28 Julai Gavana Ronald Reagan akausaini kuwa sheria iliyokataza kubeba silaha yenye risasi katika maeneo ya umma ya miji. Wanaodhani siku zote wahafidhina wa Marekani hutetea bunduki na waliberali huzipinga wangefaidika kuisoma tena tarehe hiyo. Dola hubadili sheria ya silaha kwa kumtazama kwanza aliyezishika.

Mahakama Kuu ya Marekani nayo iliendelea kuchora mipaka ya barabarani. Mwaka 1977, katika shauri lililotoka Pennsylvania, dereva alisimamishwa kwa sababu ya kibao cha usajili kilichokwisha muda. Aliposhuka, askari aliona uvimbe chini ya koti lake na kukuta bastola. Mahakama ilisema askari ana haki ya kumwamuru dereva ashuke, kwa ajili ya usalama wake. Mwaka 1983, katika shauri la Michigan, iliruhusu kupekua sehemu ya ndani ya gari kutafuta silaha iwapo kuna sababu ya msingi ya kuhisi hatari. Maamuzi haya yanajibu swali la lini askari anaweza kuchukua. Swali la lini atarudisha liliachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa majimbo.

Baadhi yamelijibu vizuri. Sheria ya Texas inamruhusu askari kumpokonya kwa muda mwenye leseni bastola yake akiona kwamba usalama unahitaji hivyo. Kisha inamwamuru airudishe kabla ya kumwachia mtu huyo aondoke mahali pale, endapo si tishio na hakuna kosa lililosababisha akamatwe. Angalia uzuri wa mpangilio huo. Nguvu ya kuchukua na wajibu wa kurudisha vimewekwa pamoja, na vyote viwili vinatimizwa barabarani, kabla kaunta haijaingia kati ya mtu na mali yake.

Sasa tuje New Orleans, ambako mpangilio wa namna hiyo haukuwapo. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga pwani ya Ghuba ya Mexico. Kingo za kuzuia maji zikavunjika na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Simu hazikufanya kazi, polisi wenyewe walikuwa wamezidiwa, na uporaji ulikuwa umeanza. Tarehe 8 Septemba mkuu wa polisi wa mji, Eddie Compass, alitangaza kuwa hakuna atakayeruhusiwa kuwa na silaha isipokuwa vyombo vya dola. Maofisa wakaanza kuzikusanya, zikiwamo za watu walioketi kwenye nyumba zao kavu bila kosa lolote. Wengi hawakupewa stakabadhi.

Tarehe 22 Septemba vyama viwili vya kutetea haki za wamiliki wa bunduki vilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho, na siku iliyofuata Jaji Jay Zainey akatoa zuio: ukusanyaji ukome na silaha zirudishwe. Msomaji angedhani hadithi imeishia hapo. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Uongozi wa mji ulikana kuwa na silaha hizo. Ilichukua hadi Machi 2006, walalamikaji walipoiomba mahakama iwatie viongozi hatiani kwa kuidharau, ndipo mji ukakiri kuwa ulikuwa umeshikilia zaidi ya silaha 1,000.

Mwezi uliofuata wenyewe wakaruhusiwa kuja kudai. Masharti yalionekana ya busara: mdai akaguliwe kama ana rekodi ya uhalifu, na aonyeshe hati ya mauzo au kiapo chenye namba ya silaha. Lakini fikiria mtu ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya maji kwa wiki kadhaa. Hati ya mauzo ilikuwa kwenye droo iliyozama. Namba ya silaha ilikuwa imechorwa kwenye silaha yenyewe, na silaha yenyewe ilikuwa kwa polisi. Aliyechukua bila kuandika alimtaka aliyenyang'anywa alete maandishi. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hawakutuambia la kufanya pale anayepaswa kuandika daftari ndiye anayenufaika lisipoandikwa.

Kesi ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2008, miaka mitatu baada ya mafuriko. Mji ulikubali kuwatafuta wenye mali na kupokea kiapo cha umiliki bila kudai hati zile, huku ukaguzi wa rekodi ukibaki. Kwa maneno mengine, mzigo uligawanywa upya. Baadhi ya silaha zilikuwa zimeshika kutu. Ushindi wa mahakamani hauondoi kutu.

Kabla ya hapo, mwaka 2006, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha kifungu kinachokataza maofisa kutwaa silaha halali wakati wa maafa. Kifungu hicho kina busara ndogo inayonivutia: chombo cha uokoaji kinaweza kumtaka mtu akabidhi silaha kabla ya kupanda, lakini lazima arudishiwe uokoaji ukikamilika. Kama ilivyo Texas, kuchukua na kurudisha vimefungwa katika sentensi moja.

Ni kweli kwamba bunduki si mwavuli. Mume anayemtishia mkewe, mgonjwa anayetaka kujidhuru, mtu aliyenunua silaha ya wizi bila kujua: hawa wote wanaipa dola sababu ya kuchukua na hata ya kuchelewa kurudisha. Simpingi anayesema ukaguzi ufanyike. Ninachosema ni kwamba ukaguzi uwe na muda, uwe na mtu anayewajibika kuufanya, na ukikamilika bila kosa kuonekana, mali irudi bila mwenye mali kulazimika kuwa na wakili. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, shauri la mkazi wa Rhode Island ambaye polisi walichukua bastola zake nyumbani kwake mwaka 2015 bila hati ya mahakama, kwa hoja ya kujali usalama wake. Mahakama ilisema hoja hiyo, iliyokubaliwa mwaka 1973 kuhusu gari lililopata ajali barabarani, haiwezi kuhamishiwa nyumbani. Bastola zenyewe zilikuwa zimerudishwa miezi kadhaa baada ya kuchukuliwa, lakini maombi ya mume na mke yalikuwa yamepuuzwa hadi wakili alipoingia. Asiye na uwezo wa kulipa wakili angefanyaje?

Kwetu Tanzania umiliki wa silaha ni ruhusa inayotokana na leseni, wala si haki ya kikatiba, nami sipendekezi iwe vinginevyo. Lakini Ibara ya 24 ya Katiba yetu inalinda haki ya kila mtu kumiliki mali, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka ofisa anayekamata kitu katika upekuzi atoe stakabadhi yenye saini za wahusika na mashahidi. Mahakamani kwetu stakabadhi hiyo hujadiliwa zaidi kama ushahidi wa upande wa mashtaka: je, kielelezo kilikamatwa kweli? Ni nadra kuijadili kama silaha ya raia: je, mwenye mali atarudi na nini kudai kilicho chake?

Pita kwenye uwanja wa kituo chochote kikubwa cha polisi uzitazame pikipiki zilizopangwa juani, matairi yamekwisha upepo, majani yameota katikati ya spoku. Nyingine ni vielelezo vya kesi za kweli. Nyingine mwenyewe alikata tamaa kwa sababu kila alipokwenda aliambiwa arudi kesho na karatasi nyingine, na gharama za kufuatilia zikaikaribia thamani ya pikipiki. Bodaboda huyo na yule mzee wa New Orleans hawafanani kwa chochote, isipokuwa wote wawili wamesimama upande uleule wa kaunta.

Kwa hiyo ndugu msomaji, unapousoma muswada wowote unaokipa chombo cha dola mamlaka ya kukamata mali, usiishie kwenye kifungu kinachosema nini kinaweza kuchukuliwa na nani. Tafuta kifungu kinachosema kitarudishwa lini, na nani atawajibika kisiporudi. Usipokiona, mwandikie mbunge wako kabla muswada haujawa sheria.