Mguu wa Tatu: Monopodi ya Bunduki Hufungwa Vipi, na Nani Anaruhusiwa Kuifunga?

Jioni yoyote Miritini utapata mbogi imeinamia simu, PUBG imeshika, kila msee anaombea AWM ishuke na kreti. Hiyo chuma si ya kubuni. Ilitengenezwa na kampuni ya Accuracy International kule Uingereza, na chini ya kitako chake mtu anaweza kufunga kamguu kamoja. Hako ndiko monopodi.

Kazi yake ni gani?

Mbele bunduki ya shabaha hushikiliwa na miguu miwili, bipodi. Nyuma hubaki bega lako, na bega hupumua. Mguu wa tatu unatuliza kitako, na skrubu yake hukipandisha au kukishusha kidogo kidogo. Kitako kikipanda, mdomo wa bunduki unashuka.

Cheki hesabu: kama kutoka bipodi hadi monopodi ni sentimita 70, kuinua nyuma milimita 1 tu kunahamisha shabaha kama sentimita 14 ukilenga mita 100. Ndiyo maana mguu unaocheza ni noma kuliko kukosa mguu kabisa.

Hufungwa vipi?

1. Toa magazini, fungua bolti, hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine.
2. Angalia chini ya kitako. Kama kuna reli ya Picatinny (si ile ya SGR, buda), monopodi inabanwa hapo kwa skrubu. Kama hakuna, kitako kitatobolewa, na hapo kosa halirudishwi.
3. Iweke karibu na mwisho wa kitako, wima, kwenye mstari mmoja na mtutu, bila kuguza bega.
4. Kaza, kisha tikisa. Ikicheza, rudia.
5. Uwanjani, piga risasi 5 bila mguu, halafu 5 nayo. Linganisha matundu kwenye karatasi.

Kwenye mchanga laini mguu huzama, kwenye simiti huteleza. Ndiyo maana walenga shabaha wengi bado wanapenda kamfuko ka mchanga chini ya kitako. Bei yake ni ya chini, na kukafinya kwa mkono kunatosha kurekebisha.

Sasa sheria

Hapa ndipo wasee huchomeka. Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, huwezi kukaa na bunduki bila cheti, na biashara ya kutengeneza au kurekebisha silaha ni ya muuzaji aliyesajiliwa pekee. Fundi wa welding pale steji, hata awe mkali vipi, hayumo. Desemba 2018 serikali iliamuru hata raia waliokuwa na leseni wahakikiwe upya.

Kwa hivyo kama huna cheti, mguu wa tatu ubaki kwa simu. Na ukimwona jamaa mtaani anatafuta mtu wa kumtobolea kitako kimyakimya, usimshikie hata tochi. Kesi ya bunduki haiulizi nani alikuwa mwenye drili.