Anne Krueger

Anne Osborn Krueger (alizaliwa Endicott, jimbo la New York, 12 Februari 1934) ni mwanauchumi wa Marekani aliyebobea katika biashara ya kimataifa na uchumi wa nchi zinazoendelea. Ndiye mwanamke wa kwanza kuwa mchumi mkuu wa Benki ya Dunia.

Elimu na ualimu

Alisoma Chuo cha Oberlin, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1958. Alifundisha Minnesota kwa zaidi ya miaka 20, na baadaye Duke, Stanford na Johns Hopkins. Mwaka 1996 alikuwa rais wa Chama cha Wanauchumi wa Marekani.

Utafiti

Anajulikana zaidi kwa makala yake ya mwaka 1974 kuhusu leseni za kuagiza bidhaa. Wakati huo serikali nyingi zilibana uagizaji kwa kutoa leseni chache. Aliyepata leseni alinunua kwa bei ya nje na kuuza kwa bei ya ndani iliyopanda, hivyo leseni yenyewe ikawa mali ya kugombewa. Malighafi zilipogawiwa kwa kufuata ukubwa wa mitambo, wenye viwanda waliongeza mitambo ili wapate mgao mkubwa, ilhali iliyokuwapo haikuwa na kazi ya kutosha. Wengine walifunga safari za mji mkuu, wakaajiri ndugu za maofisa au wakatoa hongo.

Krueger alikadiria kwamba faida za upendeleo wa aina hii zilifikia asilimia 7.3 ya pato la taifa la India mwaka 1964. Kwa Uturuki mwaka 1968, leseni za uagizaji peke yake zilifikia karibu asilimia 15. Kwa hoja yake, leseni huigharimu nchi zaidi kuliko ushuru wa forodha unaopunguza uagizaji kwa kiasi kilekile, kwani nguvu na mali nyingi huishia katika kuiwania. Mwanauchumi Gordon Tullock alikwisha kugusia jambo hilo mwaka 1967, lakini istilahi iliyoenea, "rent-seeking" (kuwania faida za upendeleo), ni ya Krueger.

Utumishi wa kimataifa

Alimrithi Hollis Chenery kama mchumi mkuu wa Benki ya Dunia mwaka 1982 na kuhudumu hadi 1986, akitilia mkazo bei za soko na kulegeza masharti ya biashara. Ni kipindi ambacho mikopo ya marekebisho ya uchumi ilienea Afrika, na wakosoaji waliilaumu Benki kwa kuwabebesha maskini mzigo wa mageuzi.

Kuanzia 2001 hadi 2006 alikuwa naibu mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na kati ya Machi na Juni 2004 alikaimu ukurugenzi mtendaji. Novemba 2001 alipendekeza utaratibu wa kisheria ambao ungewezesha makubaliano ya wadai walio wengi kuwafunga wote pale nchi inaposhindwa kulipa. Mwaka 2003 pendekezo hilo lilikosa uungwaji mkono wa kutosha. Marekani ilipendelea masharti kama hayo yaingizwe katika mikataba ya hati fungani yenyewe.