Alama kwenye kamba ya nanga: namna ya kujua umeshusha mita ngapi katika Ziwa Kivu

Ukifika Kituku asubuhi, wakati mama wa soko wanashusha mizigo yao, angalia sehemu ya mbele ya maboti ya mbao. Mara mingi utaona nanga ya chuma imelala juu ya rundo la kamba ya plastiki, ya buluu au ya kijani. Uliza kijana wa boti kamba hiyo ina mita ngapi. Atakujibu kwamba ni ndefu. Uliza ni ndefu kiasi gani, atacheka na kunyoosha mkono kuelekea ziwani. Kamba haina alama, na kichwani kwa kijana hakuna hesabu.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini linamuhusu hata abiria anayekwenda Minova, Idjwi ao Bukavu na ambaye hatagusa nanga maisha yake yote. Motere ikizima, nanga njo breki peke yake iliyobaki. Na breki hiyo inafanya kazi tu kama anayeishusha anajua ameachia kamba kiasi gani.

Tuanze na ziwa lenyewe. Kivu iko kwenye mwinuko wa mita karibu 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mahali penye kina kikubwa zaidi panafika karibu mita 485. Si ziwa la mchanga unaoteremka polepole, ambapo mtu anatembea hatua mia moja maji yakiwa bado kiunoni. Upande wetu wa Goma kuna mawe ya volkano, na sehemu nyingi chini kunaanguka haraka. Mnamo Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, ikaongeza mawe mapya, makali, juu ya yale ya zamani. Kwa hiyo, boti likiwa karibu na pwani linaweza kuwa kwenye maji ya mita tano, na likisogea kidogo tu nje, kamba yote iliyoko ndani ya boti haitoshi kugusa chini.

Ongeza upepo. Katika kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu, na sisi wa Goma tuko kaskazini ya ziwa. Boti lisilo na motere linasukumwa kuja kwetu, kwenye mawe.

Wakaaji wengi wa hapa walilazimika kujua ziwa zaidi tangu mwanzo wa 2024, vita vilipokata barabara ya Sake na watu wa Goma na Minova wakabaki na njia ya maji. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti Merdi, lililotoka Minova, lilizama karibu na Kituku, watu wakiwa tayari wanaona mji. Ajali ile haikuwa ya nanga. Viongozi walisema boti lilibeba watu kupita kiasi. Ninaitaja juu tangu siku ile abiria wanauliza majile iko wapi, na ni vizuri wanauliza. Kuhusu nanga bado sijasikia mtu akiuliza.

Mimi mwenyewe sikuwa nauliza. Mwaka mmoja nilikuwa narudi kutoka Idjwi jioni, boti dogo, motere ikakohoa ikanyamaza. Kijana akatupa nanga. Kamba ikakimbia mpaka mwisho, boti likaendelea kuteleza sawa vile hakuna kitu kimetupwa. Nanga ilikuwa inaning'inia katikati ya maji. Mmoja akasema waunganishe kamba nyingine, mwingine akasema haina maana, wakabishana gizani, kwa sababu hakuna aliyejua kama wameshusha mita 30 ao 60. Boti jingine lilitukuta na kutuvuta. Tangu siku ile njo nilianza kuuliza mabaharia na kusoma juu ya alama za nanga.

Kwanza hesabu. Watu wengi wanadhani nanga inashika boti kwa uzito wake. Uzito unasaidia kidogo tu. Kinachoshika ni meno ya nanga yakichimba chini, na yanachimba pale kamba inapovuta kwa ulalo. Kamba ikisimama wima, kila wimbi linanyanyua nanga na kuing'oa. Ndiyo maana kamba inayoshushwa lazima iwe ndefu mara kadhaa kuliko kina. Chukua kina cha maji, ongeza urefu kutoka maji hadi mahali kamba inapotokea mbele ya boti, kiisha zidisha. Kwa kamba, mabaharia wanazidisha mara 5 katika hali ya kawaida na mara 7 upepo ukiwa mkali. Kwa mnyororo mtupu, ambao ni mzito na unalala chini, mara 3 ao 4 inaweza kutosha ziwa likiwa limetulia. Mfano: maji mita 5, sehemu ya mbele mita 1, jumla 6. Mara 5 ni mita 30. Mara 7 ni mita 42. Sasa weka maji ya mita 15: jumla 16, na mara 5 tu tayari ni mita 80. Mtu mwenye kamba ya mita 50 ataona mwenyewe kwamba lazima aweke nanga karibu na pwani, mapema, kabla ya kusukumwa kwenye kina. Bila alama hesabu hii yote ni maneno matupu.

Kupima kamba ni kazi ya saa moja. Tandika kamba yote chini, mahali ambapo pikipiki hazipiti, na tumia metre ya fundi. Kama huna metre, pima kwa mikono. Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi wana kipimo chao, pima, yaani urefu wa mikono miwili ikinyooshwa. Meli za Waingereza nazo zilitumia kipimo cha namna hiyo, futi 6, karibu mita 1.83. Lakini pima ya mtu mrefu si pima ya mtu mfupi, basi mtu mmoja apime kamba yote, na mikono yake ipimwe kwanza. Kama kamba ni mpya, ilowanishe na kuivuta kabla ya kupima: kamba za katani na pamba zinajikunja zikilowa, na hata nailoni inafupika kadiri inavyotumika.

Anzia sifuri pale kamba inapofungwa kwenye nanga. Wengine wanaanza kuhesabu upande wa boti, na hapo njo wanajichanganya, kwa sababu wakati wa hatari unataka kujua umetoa ngapi, si umebakiza ngapi.

Sasa alama zenyewe. Rangi peke yake ni nzuri mchana. Usiku, chini ya mwanga wa torshi, nyekundu na kahawia zinafanana, na kuna wanaume si wachache ambao hata mchana hawatofautishi nyekundu na kijani. Kwa hiyo alama nzuri ni ile ambayo mkono unaisoma. Njia rahisi ninayoipendekeza: kwenye mita 10 shona kipande kimoja cha kitenge kigumu ao ngozi, kwenye 20 vipande viwili, 30 vitatu, 40 vinne. Kwenye 50 weka kitu tofauti kabisa, kwa mfano ngozi yenye tundu ambalo kidole kinaingia. Halafu anza tena moja, mbili, tatu. Mita tano kabla ya mwisho weka kitambaa kirefu chekundu, cha kumwambia kijana kwamba kamba inaisha. Kipande kipitishwe katikati ya nyuzi za kamba na kushonwa kwa uzi wa nailoni, kisitoke kikivutwa. Usiweke alama kwa kupiga fundo kwenye kamba yenyewe: fundo linaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu yake, na litanasa pale kamba inapotokea.

Vile vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya za umeme, vinavyouzwa kwenye kenkayeri, navyo vinafaa, hasa kwenye mnyororo. Acha mkia wa sentimita chache, juu ukikatwa mfupi unabaki na ncha kali inayochana vidole. Kama unapaka mnyororo rangi, sugua kutu kwanza, kausha, paka mara mbili, na paka urefu wa karibu nusu mita kila alama. Pete moja iliyopakwa inapita mbele ya macho kabla hujaiona. Na rangi inakwaruzika, tena haraka kwenye mawe yetu, usiitegemee miaka.

Meli kubwa zinazoingia Mombasa na Dar es Salaam zina utaratibu unaofanana. Mnyororo wao umeunganishwa kwa vipande vya mita 27.5, yaani futi 90, hesabu ya pima 15. Kwenye kiungo cha kwanza pete moja kila upande inapakwa nyeupe, kwenye cha pili pete ya pili, kwenye cha tatu pete ya tatu, na waya unazungushwa kwenye pete hiyo ili alama ibaki hata rangi ikitoka. Baharia aliyesimama mbele anahesabu na kupiga kelele kwa kapiteni. Wazo ni lilelile la kitenge chetu.

Lakini hesabu nzima inategemea kujua kina, na hapo kuna kamba ya pili, nyembamba, yenye uzito mwishoni. Waswahili wa pwani wanaiita bildi. Zamani mabaharia wa Uingereza waliitia alama za ngozi kwa pima 2 na 3, kitambaa cheupe kwa 5, chekundu kwa 7, ngozi yenye tundu kwa 10, na vitambaa vyenyewe vilikuwa vya aina tofauti ili baharia avitambue gizani kwa kuvigusa. Kwenye mto Mississippi, Marekani, mpimaji akifika pima mbili alitangaza kwa sauti maneno ambayo baadaye mwandishi mmoja aliyewahi kuendesha meli pale aliyachukua kuwa jina lake: Mark Twain. Kwetu uzito unaweza kuwa ekru kubwa ya chuma. Pakaa mafuta mazito ao sabuni chini yake: ikirudi na mchanga ao udongo, nanga itachimba. Ikirudi safi, imekwaruzwa, uko juu ya lava.

Juu ya lava mambo ni mengine. Nanga haichimbi, inanasa kwenye ufa, na inaweza kukataa kutoka. Mawe yanasaga kamba, basi mita chache za kwanza baada ya nanga ziwe mnyororo, hata mita tano tu. Tena ile kamba ya plastiki ya buluu inaelea. Ikilegea inaweza kwenda kujiviringisha kwenye helisi ya motere. Nailoni inazama na inanyumbulika, ni afadhali, ingawa bei yake inauma. Na mahali chini kunapoteremka sana, upepo ukitoka nchi kavu unavuta nanga kuelekea kwenye kina, na kila inavyoteleza ndivyo inavyokosa chini. Hapo, kama pwani iko karibu, funga kamba ya pili kwenye mti ao jiwe la nchi kavu.

Mwisho wa kamba ufungwe kwenye boti. Inashangaza namna nanga nyingi zinavyopotea pamoja na kamba yake yote, alama nzuri zikiwa juu yake. Uufunge kwa kamba ndogo inayoweza kukatwa na kisu, kama italazimika kuiacha nanga.

Pima tena kamba kila mwaka, kabla ya kiangazi. Na kwa sababu hapa kwetu kijana wa leo wa boti hili kesho yuko kwenye jingine, andika maana ya alama kwa rangi ya mafuta kwenye ubao, karibu na anayeshika motere: ngozi moja 10, mbili 20, tundu 50, nyekundu inaisha.