Kina Kilichokuwa Pembeni

Juzi nilikuwa nanakili Utendi wa Mwana Kupona kwenye kompyuta. Nikaandika 1, nukta, kipande cha kwanza, nikashuka mstari. Programu ikajiwekea 2 na kusogeza maandishi ndani, kana kwamba naandika mahitaji ya sokoni. Nilipomaliza beti tatu, yenyewe ilikuwa imeshahesabu 12.

Nilicheka, halafu nikajiuliza: huu mpangilio wa mistari minne, mmoja chini ya mwingine, ninaoupigania hivi, ni wa nani hasa? Maana si wa Mwana Kupona.

Yeye alitunga mwaka 1858 hivi, akimuusia binti yake, na ushairi wa pwani wakati huo uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika miswada ya tendi, mara nyingi ubeti mzima hukaa kwenye mstari mmoja. Vipande vinne vya mizani minane minane hufuatana kutoka kulia kwenda kushoto, na kati yao pambo dogo au nukta, wakati mwingine kwa wino mwekundu. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina chao, ambacho hubadilika kila ubeti. Cha nne kina kina cha bahari, na hicho hakibadiliki toka mwanzo hadi mwisho. Kwa Mwana Kupona ni -ya. Sasa fikiria ukurasa huo. Kina cha bahari kinaangukia ukingo wa kushoto, ubeti chini ya ubeti, kinashuka kama uzi wa shanga. Jicho linakiona kabla sikio halijakisikia.

Zikaja herufi za Kirumi na vitabu vya matbaa. Mizani 32 haitoshei kirahisi kwenye ukurasa mwembamba, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya ubeti kukatwa vinne na kupangwa kama ngazi, huku nafasi tupu ikichukua kazi ya yale mapambo. Mwanafunzi alifaidika, kuhesabu mizani kukawa rahisi. Lakini ule uzi wa pembeni ulikatika: bahari ikawa mstari wa nne tu, inatokea na kuzama.

Taipureta nayo ilituachia tabia yake. Kwenye mashine nyingi za zamani kila herufi ilichukua upana uleule, i sawa na m, kwa hiyo aliyechapa shairi aliweza kutenga ukwapi na utao kwa kugonga kitufe cha nafasi mara kadhaa, na safu zikanyooka. Wengi wetu bado tunagonga vilevile. Ila fonti nyingi za kompyuta zina i nyembamba na m nene. Badilisha fonti uone utao wote unavyoyumba kama walevi. Nimeshapokea mashairi ya hivyo, tena mazuri kweli, nikayasoma nimekunja uso.

Basi nikazima ile orodha ya kujiendesha. Nikachora jedwali la safu nne, nikaficha mistari yake, kila ubeti ukapata mstari mmoja. Kwa herufi zetu za leo bahari imehamia kulia, lakini ipo: -ya, -ya, -ya, mpaka chini. Namba za beti nimeziandika kwa mkono. Zikijihesabu zenyewe, ukifuta ubeti mmoja ulionakiliwa mara mbili, wa 37 unageuka 36, na kila aliyewahi kuutaja kwa namba anaonekana mwongo.