Asasi za Loliondo na Kumbukumbu za Watu: Kutoka Rejista ya Kijiji hadi Akili Mnemba

Soitsambu ni kata ya tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, kando ya barabara itokayo Wasso kwenda Ololosokwan hadi lango la Klein la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakazi wake wengi ni Wamaasai wafugaji. Akili mnemba imewafikia wao na asasi zinazofanya kazi katika ukanda huo kwa njia kadhaa: kamera zinazotambua wanyama, picha za setilaiti zinazosomwa na kompyuta, programu zinazoandika maandiko ya miradi. Lakini swali la nani akusanye habari za watu, aziweke wapi na zimfae nani lilikuwapo Loliondo kabla ya kompyuta ya kwanza kufika.

Kumbukumbu za awali zisizo za serikali zilikuwa za misheni. Katika miaka ya 1960 Kanisa Katoliki lilikuwa na kituo Loliondo na hospitali Wasso, na majina yaliingia katika vitabu vya ubatizo na faili za wagonjwa. Muongo uliofuata uhamishaji wa watu kwenda vijijini, ulioitwa Operesheni Imparnati huko Umaasaini, ulileta serikali ya kijiji pamoja na rejista na mihtasari yake. Mwaka 1979 Ngorongoro ikawa wilaya.

Uzito wa karatasi hizo ulionekana katika mgogoro wa shamba la Sukenya. Mwaka 1984 Tanzania Breweries, wakati huo shirika la umma, ilipata ekari 10,000 za ardhi ya Soitsambu kwa ajili ya shayiri. Sehemu ndogo tu ililimwa, na baada ya misimu michache kilimo kikaachwa; ng'ombe wakaendelea kulisha hapo. Hati iliyotolewa miaka mingi baadaye ilitaja ekari 12,617, na mwaka 2006 haki ya kulitumia eneo hilo ikahamia kwa kampuni ya utalii. Vijiji vya Soitsambu, Sukenya na Mondorosi vilikwenda Mahakama Kuu ya Arusha, ambayo mwaka 2015 ilikataa sehemu kubwa ya madai yao lakini ikaona kwamba ekari 2,617 za nyongeza hazikuchukuliwa kihalali. Katika shauri la namna hiyo kumbukumbu ya mzee peke yake haitoshi. Hutakiwa muhtasari wa kikao, saini, tarehe na mchoro wa mpaka, na kijiji kisichotunza daftari lake hubaki kusikiliza daftari la mwenzake likisomwa.

Asasi za wafugaji zilizaliwa katika mazingira hayo. Moringe ole Parkipuny, mbunge wa Ngorongoro kuanzia 1980 hadi 1990, aliyezungumzia haki za wafugaji na wawindaji mbele ya kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa huko Geneva mwaka 1989, alikuwa mwanzilishi wa KIPOC, mojawapo ya asasi za mwanzo za Loliondo. Jukwaa la PINGOs lilifuata mwaka 1994, Baraza la Wanawake wa Jamii za Wafugaji, linalojulikana kwa kifupi PWC, mwaka 1997, na Ujamaa Community Resource Team, yaani UCRT, mwaka 1998. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 iliweka msajili na wajibu wa kutoa taarifa. Wafadhili nao walitaka hesabu za walionufaika. Ndipo karatasi ya mahudhurio, yenye jina, kijiji, namba ya simu na saini au dole gumba, ikawa chombo cha kila semina. Tija yake kwa mhasibu haina ubishi. Kwa aliyetia dole gumba, safari ya karatasi hiyo baada ya semina ilikuwa jambo asilolijua, na katika eneo lenye mgogoro wa ardhi orodha ya waliohudhuria mkutano si karatasi ya kawaida.

Baada ya daftari ilikuja ramani. UCRT ilijijengea jina kwa kusaidia vijiji kuandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi na kupata hati za hakimiliki ya kimila za pamoja. Hati ya kwanza ya aina hiyo ilikwenda kwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda mwaka 2011, na mwaka 2016 Edward Loure wa UCRT alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira kwa kazi hiyo. Katika upimaji wa namna hii wazee hutambua mipaka kwa milima, mito na miti, kifaa cha GPS hunasa nukta, na mkutano mkuu wa kijiji huamua. Ni kazi ya polepole, na wafadhili wenye haraka huichoka. Polepole hiyo hata hivyo ndiyo inayompa mwanakijiji nafasi ya kuelewa mchoro kabla haujawa hati.

Ramani isiyo na mtu wa kuitetea huanguka. Mwaka 2017, baada ya maboma kuchomwa moto katika operesheni ya kuwaondoa wafugaji, vijiji vya Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash vilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha. Swali lililobeba kesi lilikuwa la kijiografia: je, maboma yalichomwa ndani ya ardhi ya vijiji au ndani ya hifadhi? Septemba 2022 mahakama ya awali ilisema vijiji havikuthibitisha, baada ya kuukataa ushahidi wa mtaalamu wao wa ramani. Novemba 2023 kitengo cha rufaa kilitengua uamuzi huo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Katikati ya hayo, Juni 2022, serikali ilikuwa imeweka mipaka ya kilomita za mraba 1,500 zilizokuja kuwa Pori la Akiba la Pololeti, hatua iliyoambatana na vurugu na watu kukimbilia Kenya.

Miaka ya 2010 ilileta pia redio ya jamii ya Loliondo na, huko Ololosokwan, kijiji cha kidijitali cha UNESCO na Samsung kilichotumia umeme wa jua. Simujanja zilienea zenyewe, bila mradi.

Akili mnemba yenyewe iliingia ukanda huu kwa mlango wa wanyamapori. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianza kutega kamera 225 ndani ya Serengeti katika mradi wa Snapshot Serengeti. Picha zikawa mamilioni, na maelfu ya watu wa kujitolea duniani wakazitambua kupitia mtandao. Mwaka 2018 kikundi cha watafiti kilichapisha matokeo ya kompyuta iliyofunzwa kwa picha hizo milioni 3.2: iliweza kufanya peke yake asilimia 99.3 ya kazi kwa usahihi wa asilimia 96.6, sawa na ule wa watu. Mashine iliweza kwa sababu binadamu walikuwa wameshaifanya kazi kwanza, jambo ambalo matangazo ya teknolojia hulisahau.

Nyumbu akikosewa jina, hasara ni ndogo; kwa mtu si hivyo. Mwaka huohuo wa 2018 kamera za TrailGuard, zinazotumia akili mnemba kutambua watu na kutuma picha kwa askari, zilijaribiwa katika pori la Grumeti, magharibi mwa Serengeti. Shirika la RESOLVE lilitangaza kuwa zimewezesha kukamatwa kwa majangili 30. Ni ushindi kwa uhifadhi. Kwa mfugaji wa Soitsambu, anayeishi jirani na mpaka uliochorwa juzi, habari hiyo ina sura ya pili: kamera hujua kwamba huyu ni mtu, haijui kama amefuata ndama aliyepotea au ameficha mtego. Asasi inayofunga vifaa vya aina hiyo inapaswa kueleza mapema picha za watu zitafutwa lini, zitaonwa na nani, na aliyepigwa picha alalamike wapi.

Setilaiti nazo zina mipaka yake. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa bure ramani ya majengo takriban milioni 18 ya Uganda na Tanzania yaliyotambuliwa na kompyuta, zaidi ya milioni 11 yakiwa Tanzania. Kwa asasi ya chanjo au maji ni hazina. Lakini enkaji, nyumba ya Kimaasai iliyopakwa samadi, ina rangi ya ardhi inayoizunguka, na boma la msimu wa kiangazi huwa tupu masika. Asasi inayohesabu kaya kwa picha pekee yaweza kuandika kwamba hapakuwa na watu mahali penye malisho yao ya miaka yote, na kosa hilo Loliondo huweza kugeuka hoja ya kisheria. Dawa yake ni ileile ya upimaji wa mipaka: mkutano wa kijiji uione ramani kabla ya mfadhili.

Ofisini akili mnemba hutumika zaidi kuandika. Andiko la mradi kwa Kiingereza limekuwa kizingiti kwa asasi ndogo, na programu za kuandika zimekipunguza kweli. Hatari iko kwenye lugha ya watu wenyewe. Google ilikuwa na tafsiri ya Kiswahili tangu 2009. Ilipoongeza lugha 110 Juni 2024, Kijaluo na Kiacholi vilikuwamo, Kimaa hakikuwamo. Maneno ya bibi aliyezungumza Kimaa hupita kwa mkalimani, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza cha mashine, na yakifika kwa mfadhili hakuna tena wa kuyasahihisha.

Mashirika makubwa yameshajikwaa. Mwaka 2023 Amnesty International iliondoa picha za maandamano ya Colombia zilizotengenezwa kwa akili mnemba baada ya kulaumiwa. Kwa Wamaasai, ambao sura zao zimeuza safari za utalii na bidhaa kwa miongo mingi, picha ya mama asiyekuwapo kwenye taarifa ya mradi ingekuwa dharau juu ya dharau. Mwaka huohuo chama cha Marekani cha matatizo ya ulaji kilizima programu yake ya ushauri kwa sababu ilitoa ushauri wenye madhara. Na hata bila akili mnemba taarifa huwa hatarini: Januari 2022 wadukuzi walifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000 zilizotunzwa na Msalaba Mwekundu.

Tanzania ilipata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Asasi inayokusanya taarifa hutakiwa kujisajili. Taarifa nyeti huhitaji ridhaa ya maandishi. Kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti. Na mtu ana haki ya kupinga uamuzi unaomhusu uliofanywa na mashine pekee. Sharti la kusafirisha taarifa ndilo linalogusa ofisi ndogo kila siku: afisa anayebandika orodha ya wanakikundi wa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kwenye programu ya nje ili imwandalie jedwali amezituma taarifa hizo ng'ambo, ajue au asijue. Ridhaa ya maandishi nayo, kwa asiyesoma, yaweza kuwa dole gumba jingine, isipokuwa maelezo yatolewe kwa Kimaa mbele ya watu anaowaamini na aachiwe nafasi ya kukataa bila kukatwa kwenye mradi.