Hekalu la Hurumzi na madeni ya mashamba ya Bububu

Ukipita Hurumzi kwa miguu unaweza kuliacha nyuma hekalu la Shiva Shakti bila kulitambua. Njia ni nyembamba, kuta zimepanda juu, na macho yamevutwa na vitambaa na vinyago vilivyotundikwa milangoni. Mnara wake wa rangi nyingi, uliochongoka kwa mtindo wa mahekalu ya India, huonekana vizuri ukiwa juu ya dari ya nyumba ya jirani, pale Mji Mkongwe wa Zanzibar unapokuwa wote chini yako: mabati yenye kutu, minara ya misikiti, kanisa la Minara Miwili, na hekalu la Wahindu katikati yao.

Wageni hupiga picha wakaondoka. Mimi naona hekalu hili linamhusu pia mtu wa Bububu anayeteremka mjini na daladala kila asubuhi, ambaye pengine hajawahi kusimama mbele ya mlango wake.

Wahindu wamekuwa wakija pwani yetu na upepo wa kaskazi tangu kabla ya Wareno. Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, alikuta majahazi kutoka India. Wareno wakadhani mabaharia wa majahazi hayo ni Wakristo, wakawaonesha picha ya Bikira Maria, na wale watu wakasujudu. Mwandishi wa safari ile aliwasikia wakilitaja jina la Kristo. Wanahistoria wengi wanaamini walikuwa wakimwita Krishna, hasa kwa kuwa mwandishi huyo huyo aliandika kwamba hawali nyama ya ng'ombe.

Unguja nayo, Kapteni Smee, Mwingereza, alipofika mwaka 1811, alikuta Mabaniani, yaani wafanyabiashara wa Kihindu, wengi wamekaa mjini. Waliokuja kupata nguvu kuliko wote walikuwa Wabhatia wa Kutch huko India, watu wa bandari za Mundra na Mandvi, ambao tayari walikuwa wakifanya kazi na Mabusaidi, ukoo wa masultani wetu, huko Maskati. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Utaratibu ulikuwa hivi: aliyekodi humlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha yeye hukusanya ushuru na kubaki na ziada. Katikati ya miaka ya 1860 kiasi hicho kilifika karibu riale 310,000. Jairam mwenyewe alirudi Kutch, na Ladha Damji akabaki kuendesha shughuli. Misafara ya pembe za ndovu ilikopa kwake, vifaa vya msafiri Livingstone vilipitia mikononi mwake, na Sultani naye alikuwa mdaiwa wa nyumba hiyo.

Pamoja na nguvu zote hizo, watu hawa waliishi kama wapita njia. Msafiri Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake juu ya Zanzibar kilichotoka mwaka 1872, aliandika kwamba Wabhatia hawakuja na wake zao. Kuvuka bahari kulikuwa jambo zito katika dini yao. Aliyerudi alihitaji kutakaswa. Chakula na maji vilikuwa na masharti makali. Mwanamume alilala juu ya duka lake, akapeleka fedha kwao, na baada ya miaka kadhaa akarejea. Ibada ya Kihindu haidai jengo, kwani kijimadhabahu ndani ya nyumba kinatosha, na masultani, ambao walikuwa Waibadhi, waliwaachia waabudu watakavyo.

Mwishoni mwa karne hiyo wanawake wakaanza kuja, na kwangu hapo ndipo hekalu linapopata maana yake. Watoto wakizaliwa mjini panatakiwa mahali pa kuwafunza sala, pa kuombea ndoa, pa kukusanyika usiku tisa wa Navratri na kuwasha taa za Diwali. Anayejenga nyumba ya miungu yake katika mji amekwisha kuamua kwamba mji huo ni kwao.

Fedha zilizowakalisha hapa, kwa sehemu, zilitoka mashambani. Ukanda wa magharibi ya Unguja, kuanzia Mtoni kupita Bububu, ulikuwa nchi ya minazi na mikarafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya kisiwa hiki. Kupanda upya ni gharama, na mkarafuu huchukua miaka kabla ya kuzaa, kwa hiyo wenye mashamba wakakopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, Wahindu na Waislamu, wakiweka rehani ardhi na mavuno. Wahenga walisema Baniani mbaya, kiatu chake dawa, na methali hiyo ina uchungu wa mtu anayemhitaji yule yule anayemdai. Wala tusifiche la utumwa: mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza, C. P. Rigby, aliwalazimisha Wahindi kuwaachia watumwa wao, na maelfu wakapata uhuru. Historia ya hekalu ikisimuliwa bila mambo haya itakuwa nusu.

Ugomvi wa madeni ulipamba moto mwaka 1934, serikali ya kikoloni ilipotoa sheria za kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wakopeshaji. Mwaka 1937 chama cha wakulima wa karafuu kikapewa nguvu juu ya biashara nzima. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na kule India chama cha Congress kikaunga mkono kwa kuzisusia karafuu za Zanzibar. Mapatano yalifikiwa mwaka 1938.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wahindi wengi waliondoka, wakaenda Dar es Salaam, India na Uingereza. Waliobaki ni wachache. Hata hivyo ibada Hurumzi haikukoma, na kwa jamii ndogo namna ile kulitunza jengo, kulipaka rangi na kuhakikisha yupo wa kuendesha sala ni kazi kubwa inayostahili heshima yetu. Wala si hapa tu: Maskati, walikotokea Mabusaidi, hekalu la Shiva liko mpaka leo karibu na kasri ya Al Alam, na Waomani hawalioni kuwa jambo la ajabu.

Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na moja ya sababu ni huku kukutana kwa Afrika, Uarabuni, India na Ulaya. Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wa historia wa skuli za Bububu na vitongoji vyake. Mkiwapeleka wanafunzi mjini kuona Ngome Kongwe na Beit el-Ajaib, wapitisheni Hurumzi, mbishe hodi, mvue viatu, muulize. Kisha wapelekeni Nyaraka za Taifa pale Kilimani, wakasome habari za mashamba, madeni na rehani za enzi hizo.